Turubai Halifi kwa Uzee, Linakufa kwa Uchafu: Namna ya Kuosha na Kutunza Kivuli cha Biashara Yako

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho kila mmoja wetu anakaa chini yake kutwa nzima lakini ni wachache wanaokiangalia: lile turubai au mwavuli unaokukinga jua na mvua pale kibandani. Tukiongea mtaji tunahesabu mzigo, kodi ya fremu, ushuru na nauli. Turubai hatulihesabu. Likitoboka ndiyo tunakumbuka kwamba chini yake kulikuwa na gunia la sukari, viatu vya ngozi, au vitenge ambavyo mteja kashalipia nusu.

Mimi kazi yangu ni kushona na kutengeneza maturubai: ya vibanda, ya malori, ya shughuli. Kwa hiyo nayaona mwisho wa safari yao. Na nachokiona ni hiki: mengi hayajachoka kwa uzee. Yameozea kwenye mikunjo, yamesuguliwa na bomba mpaka yakatoboka, yamepigwa dawa kali mpaka uzi ukakatika, au yamebeba bwawa la maji mpaka yakachanika. Vyote hivyo vinazuilika kwa ndoo ya maji, brashi na muda kidogo siku ya Jumapili.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme turubai lako na ufundi wake vimekugharimu shilingi 120,000 (weka bei yako wewe). Likikaa mwaka 1, kivuli kinakula 10,000 kila mwezi. Likikaa miaka 3, kinakula kama 3,300 tu. Hiyo tofauti ya 6,700 kwa mwezi ni hela yako, na haihitaji mteja hata mmoja wa ziada.

Twende taratibu.

1. JUA KWANZA UNA KITAMBAA GANI

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Dawa inayofaa turubai la lori inaweza kuua kanvasi ya pamba. Angalia la kwako ni lipi kati ya haya:

👉 Turubai jepesi la plastiki. Hili ndilo la bluu, la chungwa au la rangi mbili ambalo liko kila gulio. Ukilitazama kwa karibu unaona limefumwa kama kiroba, halafu likapakwa plastiki juu na chini. Adui yake mkubwa ni jua. Likizeeka linakauka, linaanza kubanduka kama magamba, na ukilikunja linatoa sauti ya kukatika.

👉 Turubai zito la PVC, wengi wanaliita turubai la lori. Lina ngozi nene laini pande zote mbili, na ndani yake kuna nyuzi za poliesta zinazobeba nguvu. Hili ni gumu, ila linachukia petroli, thina, msuguano, na kukunjwa pale pale kila siku.

👉 Kanvasi ya pamba. La kijani au kaki, zito, lina harufu yake ya nta. Linapumua, chini yake hakuna joto kama la plastiki. Adui yake ni unyevu, kwa sababu pamba ni chakula cha ukungu.

👉 Kitambaa cha mwavuli mkubwa na cha tenti za kukunja. Ni poliesta nyembamba, na upande wa ndani mara nyingi una utando mwembamba, wakati mwingine wa rangi ya fedha. Ule utando ndio unaozuia maji. Ukiusugua ukabanduka, umebaki na kivuli cha jua tu.

👉 Neti ya kivuli, ile yenye vitundu. Hii haizuii mvua, usiidai kazi isiyo yake. Maji na brashi laini vinaitosha.

Huna uhakika kama ni pamba au ni plastiki? Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, nenda nao pembeni mbali na turubai, uchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta na plastiki zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Uzi mmoja unatosha kukupa jibu.

2. NINI HASA KINAKULA TURUBAI LAKO

Jua hatuwezi kulizima. Lakini haya mengine yako mikononi mwako.

Vumbi. Watu wanaona vumbi ni suala la muonekano tu. Kumbe mchanga uliokaa kwenye kitambaa kinachopepea unasaga nyuzi kama msasa. Halafu vumbi likilowa linashika unyevu, na ukungu unapata pa kuotea.

Ukungu. Kwenye pamba unakula uzi wenyewe. Kwenye plastiki na poliesta unaanzia kwenye uchafu, mafuta na sabuni iliyobaki. Kwa hiyo mtu anayesema "la kwangu ni plastiki, haliozi" anajidanganya. Uchafu ulio juu yake unaota, madoa meusi yanabaki, na mteja anaona biashara ya chakula chini ya paa lenye koga.

Chumvi. Walioko Dar, Tanga, Mtwara, Lindi na Zanzibar, upepo wa bahari unaleta chumvi. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo turubai halikauki sawasawa hata siku isiyo na mvua, na vile viringi vya chuma vya kupitishia kamba vinaota kutu haraka.

Moshi na mafuta. Mama lishe, muuza chipsi na muuza mishikaki, hili ni lenu. Mvuke wa mafuta unapanda, unaganda kwenye kitambaa, vumbi linanasa juu yake, mwisho unapata tabaka jeusi linalonata.

Maji yaliyotuama. Hili lina sehemu yake huko chini, maana hili linaumiza watu.

3. KAZI YA KILA SIKU NA YA KILA WIKI

Kila asubuhi ukifungua, piga turubai kwa mkono kutokea chini ili majani na vumbi vidondoke kabla hujapanga mzigo. Sekunde kumi.

Kinyesi cha kunguru au njiwa usiache kikapigwa na jua la wiki nzima, kinashambulia utando wa kitambaa. Na usikikwangue kikiwa kikavu. Weka kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika chache, kikilainika unafuta.

Mara moja kwa wiki, fagia juu na chini kwa fagio laini. Walio pwani waongeze kumwagia maji baridi yasiyo na chumvi, waache likauke. Ukifanya haya tu, ile kazi kubwa ya kuosha kwa sabuni unaweza kuifanya mara mbili hadi nne kwa mwaka. Wa vyakula vya kukaanga, kila mwezi.

4. KUOSHA, HATUA KWA HATUA

Chagua siku ya jua, anza asubuhi mapema. Saa sita mchana sabuni inakaukia juu ya kitambaa kabla hujaisuuza. Jioni sana, turubai linalala na unyevu.

✅ Kwanza piga vumbi likiwa kavu. Usikimbilie maji. Vumbi likilowa linageuka tope na kuingia katikati ya nyuzi.

✅ Lioshe likiwa limewambwa kama fremu yako inafikika na ni imara. Kama umelishusha, tandika kitu laini chini, hata turubai la zamani. Ukisugulia kwenye zege au kokoto, upande wa chini unachubuka wakati wewe unafurahia upande wa juu.

✅ Tengeneza maji ya sabuni: lita 10 za maji ya kawaida au vuguvugu, na vijiko vikubwa viwili au vitatu vya sabuni ya maji ya vyombo, au kipande cha sabuni ya mche ulichokikwangua kikayeyuka. Sabuni ya unga naikwepa. Mara nyingi ni kali, inang'oa ile dawa ya kuzuia maji, na haiishi kirahisi ukisuuza.

✅ Tumia brashi laini au sponji. Brashi ya waya ni ya sufuria, na hata sufuria haiipendi. Kwa upande wa utando wa mwavuli, tumia kitambaa tu.

✅ Kama kitambaa kimesimama wima au kimeinama, sugua kuanzia chini kwenda juu, halafu suuza kuanzia juu kwenda chini. Ukianza juu, maji machafu yanashuka kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi.

✅ Iache sabuni dakika 10 hadi 15 ifanye kazi, ila isikauke. Ikianza kukauka nyunyizia maji.

✅ Suuza mpaka maji yatoke bila povu. Hapa usibanie maji. Sabuni iliyobaki ina kazi mbili mbaya: inanasa vumbi jipya, na inayasaidia maji ya mvua kupenya, maana kazi ya sabuni ni kuyafanya maji yaingie kwenye nguo.

✅ Kausha pande zote mbili. Turubai linakudanganya: katikati limekauka, kumbe pindo na mishono bado. Pitisha vidole kwenye mshono. Ukihisi ubaridi, bado.

5. MADOA SUGU

Kila dawa ijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, subiri ikauke, ndiyo uendelee.

UKUNGU. Likiwa kavu, peleka nje, funga kitambaa puani, simama upande upepo unakotoka, brashi taratibu. Baada ya hapo:

– Kwa PVC na turubai jepesi la plastiki, changanya kikombe 1 cha jiki (robo lita) kwenye lita 4 za maji na sabuni ya maji kidogo. Paka, subiri dakika 10, suuza sana. Vaa glavu. La rangi kali linaweza kupauka, ndiyo maana nimesema jaribu kona.

– Kwa kanvasi ya pamba, usiguse jiki. Inaung'arisha uzi huku inaula. Tumia siki nyeupe, kipimo kimoja cha siki kwa vipimo vitatu vya maji, paka, acha nusu saa, suuza, anika juani. Jua lenyewe linasaidia kuua ukungu.

– Kwa mwavuli na tenti ya kukunja, anza na siki hiyo hiyo.

Doa jeusi linaweza kubaki hata ukungu ukishakufa. Hilo ni kovu, usilisugue mpaka utoboe.

KUTU. Ile michirizi ya kahawia inayotoka kwenye bomba au bati. Kamua limau, nyunyiza chumvi, acha juani kwa nusu saa, suuza vizuri. Asidi ya limau inayeyusha kutu. Jiki kwenye kutu ni hasara, inaikoleza. Halafu tibu chanzo: kwangua lile bomba, pigia rangi ya kuzuia kutu, ndiyo urudishe turubai.

MAFUTA NA MASIZI. Paka sabuni ya maji ya vyombo bila kuichanganya na maji, acha robo saa, sugua kwa sponji na maji ya vuguvugu. Rudia mara mbili au tatu. Mafuta ya zamani hayatoki kwa pigo moja.

UTOMVU WA MTI. Kama umejishikiza chini ya mwembe unaujua huu. Usiuvute. Lainisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uinue taratibu kwa ukingo wa kijiko cha plastiki.

⚠️ TAFADHALI SOMA HAPA MARA MBILI: usichanganye jiki na siki, limau, wala dawa ya choo yenye asidi. Usiichanganye pia na dawa za usafi zenye amonia. Inatoka hewa ya sumu inayochoma mapafu, na ndani ya kibanda kilichofungwa inaweza kuua. Kama umetumia jiki leo na unataka kutoa kutu kwa limau, suuza kabisa, likauke, kutu ifanye siku nyingine.

6. VITU USIVYOTAKIWA KUVIKARIBISHA

Petroli, dizeli, mafuta ya taa na thina. Kijana mmoja wa chipsi aliniletea turubai la PVC lililokuwa bado zuri. Alitaka kutoa mafuta, akalipiga petroli. Doa lilitoka kweli. Baada ya hapo ngozi ya turubai ikawa ngumu, ikaanza kupasuka kila penye mkunjo. PVC inalainishwa na mafuta maalumu yaliyo ndani yake, na petroli inayanyonya. Achilia mbali kwamba kitambaa chenye petroli juu ya jiko la mkaa ni balaa lingine.

Maji ya moto sana. Yanalegeza gundi na utando, na yanakunja plastiki.

Ile mashine ya kuosha magari yenye presha. Ukiisogeza karibu inafumua mishono na kubandua utando. Kama lazima, kaa mbali na uielekeze kwa kulala, si wima.

Moto. Turubai la plastiki halifuki tu, linayeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Jiko lisikae chini ya turubai la chini. Paa la jikoni liwe bati, turubai libaki upande wa wateja.

Na umeme. Usifunge kamba ya turubai kwenye nguzo ya umeme, wala usiliache turubai liguse waya unaoingia fremu. Waya ukichubuka kwa kusuguliwa, fremu yako ya chuma yote inakuwa na umeme, na mvua ikinyesha wateja wameishika.

7. LIKIANZA KUVUJA, USIKIMBILIE KUNUNUA JIPYA

Mama mmoja muuza vitenge alikuja na hela mkononi anataka turubai jipya. La zamani lilikuwa linadondosha mstari mzima juu ya mzigo wake. Nikalitandaza, kitambaa kizima hakina tatizo. Uzi wa mshono wa katikati ndio ulioisha. Nikaushona upya kwa uzi wa poliesta, akaondoka na sehemu kubwa ya hela yake. Kwa hiyo kabla ya kununua, likinge juani utazame kutokea chini. Mwanga ukipita kwenye vitundu vya mshono tu, tatizo ni uzi. Mwambie fundi asitumie uzi wa pamba, unaoza mapema kuliko kitambaa chenyewe.

Kama kitambaa kizima kinanyonya maji badala ya matone kuteleza, dawa ya kuzuia maji imeisha. Kwa kanvasi ya pamba kuna njia ya zamani ya bei ndogo, ya sabuni na shabu. Shabu ni yale mawe meupe yanayotuliza tope kwenye maji, yanapatikana sokoni.

Yeyusha kama nusu kilo ya sabuni ya mche kwenye lita 8 za maji ya moto. Yakipoa kidogo, lowesha turubai ambalo lilishaoshwa, likolee pande zote, kisha lianike likauke. Halafu yeyusha robo kilo ya shabu kwenye lita 8 nyingine za maji ya moto, lowesha tena turubai, liache humo kama saa mbili, kisha anika likiwa limenyooshwa. Kinachotokea ni kwamba shabu inakutana na sabuni ndani ya nyuzi, vinatengeneza kitu chenye nta kisichoyeyuka kwenye maji. Ndiyo maana lazima iwe sabuni ya mche inayotokana na mafuta. Ya unga haifanyi hiyo kazi. Si dawa ya milele, jua na mvua vinaiondoa taratibu, utarudia. Na njia hii ni ya pamba tu, kwenye plastiki unapoteza sabuni.

Jambo jingine la kanvasi: mvua ikinyesha usiguse upande wa ndani kwa kidole wala usiegemeze mzigo. Pamba ikilowa inavimba na kuziba vitundu vyake, ukiigusa unayapa maji njia ya kupita. Na kwa kuwa inavimba inajikaza pia, kwa hiyo legeza kamba kidogo mvua inapoanza, isije ikang'oa viringi.

8. MAJI YALIYOTUAMA: HAPA NDIPO PENYE HATARI

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Turubai la mita 3 kwa 4 lina mita 12 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo masika si kitu cha ajabu, inamwaga juu yake lita 240, yaani kilo 240.

Maji hayo yakiteleza hakuna shida. Yakipata bonde, ndiyo shida. Bonde la mita 1 ya mraba lenye kina cha sentimita 10 tu ni kilo 100, sawa na mifuko miwili ya saruji inayoning'inia juu ya kichwa cha mteja wako. Na bonde linajilisha lenyewe: uzito unavuta kitambaa, bonde linaongezeka, maji yanaongezeka. Fremu ya mirunda au bomba jembamba haiwezi.

Kwa hiyo mteremko. Kipimo kizuri cha kukumbuka ni sentimita 25 za kushuka kwa kila mita 1 inayokwenda mbele. Kama kivuli chako kinatoka mita 3, upande wa mbele uwe chini kwa sentimita 75 kuliko wa nyuma. Kama nafasi hairuhusu, inua katikati kwa mti ambao kichwa chake umekivika kopo na kulizungushia matambara ili usitoboe. Kaza kamba kila baada ya mvua, maana za nailoni zinalegea zikilowa.

Likishajaa maji, usichome bonde kutokea chini kwa fimbo. Waondoe watu kwanza, halafu inua taratibu ukianzia karibu na ukingo wa chini ili maji yatoke kidogo kidogo. Na uangalie yanaelekea wapi. Maji yako yakiingia kwenye mzigo wa jirani, umetengeneza ugomvi utakaodumu kuliko turubai. Ongeeni kabla ya masika, chimbeni mfereji mmoja wa pamoja.

9. KONA, KAMBA NA VIRAKA

Turubai linaanza kufa penye kona. Kila mahali kitambaa kinapogusa bomba, msumari au ukingo wa bati, zungushia bomba vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli au gari.

Tyubu hiyo hiyo ikate mikanda, uiunganishe kati ya kiringi na kamba. Upepo ukivuta, mpira unanyumbuka badala ya kiringi kung'oka. Huu ni ufundi wa bei ya karibu bure na umeokoa maturubai mengi. Upepo ukizidi, shusha. Hakuna kamba inayoshindana na dhoruba.

Kitundu kidogo kizibe kingali kidogo. Kiraka kiwe cha kitambaa kile kile, kizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, na ukate kona zake ziwe za mviringo. Kona kali ndiyo inayoanza kubanduka. Kwa PVC, fundi anaunganisha kwa joto au kwa gundi ya PVC laini. Gundi ya mabomba ya maji inakauka ngumu na kukatika penye mkunjo. Kanvasi na turubai jepesi vinashonwa. Kabla ya kubandika chochote, osha na ukaushe, gundi haishiki juu ya vumbi.

10. KUKUNJA NA KUHIFADHI

Sheria kubwa kuliko zote hapa: usikunje turubai bichi ukaliacha. Kwa joto letu, siku moja au mbili zinatosha ukungu kuanza. Kama mvua imekukuta jioni na lazima ufunge, likunje tu usiku huo, kesho yake jambo la kwanza lifungue likauke.

Lisokote kama mkeka kuzunguka bomba au mti badala ya kulikunja. Kama lazima ukunje, badilisha mistari ya mikunjo kila mara, maana mkunjo wa kila siku pale pale ndipo litakapopasukia. Libebe, usiliburute. Liweke juu ya mbao au matofali, lisilale chini. Panya wanapenda turubai lenye harufu ya chakula, hiyo ni sababu nyingine ya kuhifadhi likiwa safi.

11. RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

📌 Kila siku: piga vumbi, futa kinyesi cha ndege, tazama kama kuna bonde.
📌 Kila wiki: fagia juu na chini, kaza kamba, kagua kona. Pwani, mwagia maji.
📌 Kila mwezi: wa vyakula vya kukaanga, osha mafuta.
📌 Mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba, kabla ya masika na vuli: shusha, osha, kausha, kagua mishono, ziba vitundu, pigia fremu rangi. Walioko Dodoma, Singida, Mbeya, Ruvuma na kwingine kwenye msimu mmoja wa mvua, maliza kazi hii kabla ya Novemba.

Vifaa vyote unavyo nyumbani: ndoo, fagio laini, sponji, sabuni, siki, limau na tyubu kuukuu. Kabla hujafunga leo jioni, inua macho utazame juu. Ukiona bonde, mshono unaopitisha mwanga au madoa meusi, unajua pa kuanzia. Na jirani yako ambaye turubai lake limebinuka kama kikapu mtumie hii, maana likianguka la kwake, mara nyingi linaondoka na la kwako.

Kazi njema wakuu.